KOMPYUTA NYUMBANI: MAELEZO KWA WANAOANZA KUITUMIA

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaotumia kompyuta majumbani mwao wameongezeka, na wengi wao wameipata kompyuta kabla ya kupata mafunzo yake. Baba huinunua kwa ajili ya mtoto aliyeko skuli ya sekondari, mama huachiwa ile iliyotumiwa na mwanawe aliyehamia ng'ambo, na mwenye duka hulazimika kuwa nayo kwa sababu hesabu na malipo mengi siku hizi hupitia katika mtandao. Chombo hicho huwekwa mezani, hufunikwa kitambaa, kisha huanza kutumika bila ya watu wa nyumba hiyo kuelezwa namna kinavyofanya kazi, namna kinavyotunzwa, wala namna kinavyoweza kupoteza kwa dakika moja kazi ya mwaka mzima.

Maelezo yafuatayo yamekusudiwa wananchi hao. Hayamtaki msomaji awe fundi wala mjuzi wa Kiingereza. Yanamtaka afahamu mambo machache ya msingi, na ayafuate kila siku, kwani hasara nyingi zinazowapata wenye kompyuta za nyumbani hazitokani na ubovu wa chombo bali hutokana na kutojua.

Ifahamike kwanza kuwa kuchelewa kujifunza si aibu. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na vizuizi hivyo vilikuja kulegezwa baadaye. Kwa sababu hiyo, watu wengi waliosoma skuli katika miaka ya 1970 na 1980 walimaliza masomo yao bila ya kuiona kompyuta kwa macho. Mtu mzima anayeiona kompyuta leo kuwa ni jambo la vijana tu asijidhanie kuwa amepungukiwa na akili. Alilokosa ni fursa.

KARANI, MEZA NA KABATI

Njia nyepesi ya kuielewa kompyuta ni kuilinganisha na ofisi ndogo yenye karani mmoja. Ndani ya kompyuta mna sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni kichakataji, ambacho ndicho karani mwenyewe: husoma, huhesabu na hutekeleza kila amri anayopewa, kwa kasi kubwa, lakini bila ya kufikiri kama amri hiyo ina maana au haina. Ya pili ni kumbukumbu ya muda, ambayo ni mfano wa meza ya karani: hapo ndipo karatasi anazozishughulikia kwa wakati huo zinapotandazwa. Ya tatu ni diski, ambayo ni mfano wa kabati: hapo ndipo majalada yanapowekwa yakae.

Tofauti baina ya meza na kabati ndiyo jambo la kwanza ambalo kila anayeanza hana budi kulishika. Kitu kilichomo katika kumbukumbu ya muda hukaa hapo maadamu umeme upo. Umeme ukikatika, meza yote husafishwa mara moja na kilichokuwepo juu yake hakionekani tena. Kitu kilichokwishawekwa katika diski hubakia, hata kompyuta ikizimwa mwezi mzima. Kwa hiyo barua inayoonekana kwenye skrini haijahifadhiwa kwa sababu tu inaonekana. Huwa imehifadhiwa pale mtumiaji anapoiamuru kompyuta iiweke kabatini. Zipo programu nyingi za kisasa zinazohifadhi zenyewe kila baada ya muda, lakini si zote, na wala si busara kwa anayeanza kuzitegemea.

Ukubwa wa meza na wa kabati hupimwa kwa baiti. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja. Kilobaiti ni takriban baiti elfu moja, megabaiti ni takriban baiti milioni moja, na gigabaiti ni takriban baiti bilioni moja. Ukurasa mmoja wa barua wenye herufi 2,000 huchukua takriban kilobaiti mbili za maandishi matupu. Ilhali picha moja iliyopigwa kwa simu huweza kuchukua megabaiti tatu, yaani sawa na kurasa 1,500 za maandishi hayo. Kwa hiyo, kompyuta inapolalamika kuwa nafasi imejaa, mkosaji si barua wala hesabu za duka. Aghalabu ni picha na filamu. Kinachofaa ni kuzihamishia picha hizo mahali pengine. Kufuta barua hakutasaidia kitu.

UMEME WA VISIWANI

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na Pemba nayo iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Wananchi wa Unguja hawajasahau mwezi wa Mei 2008, pale umeme ulipokatika kwa muda wa takriban mwezi mmoja, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kilikaa bila ya umeme huo kwa takriban miezi mitatu. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100. Hata hivyo, umeme kukatika kwa muda mfupi, kushuka nguvu au kurudi kwa kishindo ni mambo yanayoweza kutokea wakati wowote, na kompyuta huathirika nayo kuliko taa au feni.

Hatari haimo katika kukatika peke yake. Karani anaweza kukatizwa akiwa katikati ya kuandika jambo kabatini, na jalada likabaki nusu, lisifunguke tena. Na umeme unaporudi kwa ghafla, nguvu yake inaweza kupanda kupita kiwango cha volti 230 ambacho vyombo vya nyumbani vimetengenezewa, na hapo vipande vidogo vya ndani huungua. Kwa hiyo inashauriwa yafuatayo:

(a) Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani au chomoa waya wa kompyuta. Umeme ukirudi, subiri dakika chache mpaka utulie, kisha ndipo uwashe.

(b) Kompyuta ya mezani iunganishwe kwa kupitia stabilaiza, au bora zaidi kwa kifaa chenye betri kiitwacho UPS. Ifahamike kuwa kazi ya kifaa hiki ni kumpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Hakikukusudiwa kuendeshea kazi usiku kucha.

(c) Kompyuta mpakato ina betri yake, na kwa nyumba zenye umeme usio imara ndiyo yenye kufaa zaidi. Lakini betri huchakaa, na ile isiyoweza tena kushika moto hata kwa nusu saa haimlindi mwenyewe.

(d) Wakati wa radi, hasa katika mvua za Masika, chomoa waya wa umeme pamoja na waya wowote wa simu au wa intaneti ulioingia katika kompyuta. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

(e) Kompyuta izimwe kwa amri ya kuzima iliyomo ndani yake. Kuikatia umeme ukutani ikiwa inafanya kazi ni sawa na kumfukuza karani ofisini huku majalada yakiwa wazi mkononi mwake.

JOTO, CHUMVI NA UNYEVU

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na nyumba zetu nyingi hupitiwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Unyevu wenye chumvi hula shaba na chuma polepole, na kompyuta iliyofungiwa kabatini miezi mingi bila ya kuwashwa huweza kuharibika upesi kuliko ile inayotumika, kwani inapofanya kazi hutoa joto ambalo hukausha unyevu wa ndani. Inafaa basi kompyuta isiyotumika sana iwashwe japo mara moja kwa wiki kwa muda wa saa moja.

Joto likizidi, nalo ni adui. Kompyuta ina matundu ya kupitishia hewa, na aghalabu feni ndogo ndani yake. Matundu hayo yasizibwe. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya godoro, mto au zulia wakati inafanya kazi, kwa sababu matundu yaliyo chini yake huzibwa na kitambaa, na joto likakosa pa kutokea. Iwekwe juu ya meza au hata juu ya ubao mkavu. Kitambaa cha kufunikia kiwekwe baada ya kompyuta kuzimwa na kupoa.

Kompyuta ya mezani isikae sakafuni, ambako vumbi na maji ya mvua huifikia kwanza. Isikae karibu na dirisha linaloelekea upepo wa bahari. Chai, maji na urojo visiwekwe kando ya kibodi. Na makombo ya mkate huwaita sisimizi, ambao huingia ndani na kufanya maskani. Skrini isafishwe kwa kitambaa laini kikavu, kompyuta ikiwa imezimwa. Maji yasipulizwe juu yake. Endapo kinywaji kitamwagika juu ya kompyuta mpakato, izimwe mara moja, itolewe chaja, ipinduliwe maji yatoke, wala isiwashwe kwa kutaka kujua kama imepona. Ipelekwe kwa fundi.

MIKONO JUU YA KIBODI

Anayeanza huwa na khofu ya kubonyeza kitu na kukiharibu. Khofu hii ipunguzwe. Ni taabu kuivunja kompyuta kwa kubonyeza herufi, na makosa mengi yanarekebishika. Jambo la kufanya ni kujua njia za kurudi nyuma. Kwenye kibodi ya kompyuta nyingi pana kitufe kilichoandikwa Ctrl. Kikishikiliwa na kubonyezwa herufi nyengine, amri zifuatazo hutekelezwa katika takriban programu zote za kuandikia:

Ctrl na S huhifadhi kazi. Ctrl na Z hulifuta kosa la mwisho na kurudisha hali iliyokuwepo kabla yake. Ctrl na C hunakili maandishi yaliyochaguliwa, na Ctrl na V huyaweka mahali papya. Ctrl na X huyaondoa pale yalipo ili yahamishwe. Ctrl na P hupeleka kazi kwenye printa. Katika kompyuta za Apple, kitufe kinachotumika badala ya Ctrl ni Command.

Mtu akizishika amri mbili za mwanzo tu, ile ya kuhifadhi na ile ya kufuta kosa, atakuwa amejikinga na nusu ya majonzi ya wanaoanza. Inafaa mkono uzoee kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya moja, kama mshoni anavyopiga fundo kila anapomaliza mshono.

Fauka ya hayo, mtumiaji asome kila ujumbe unaotokea kwenye skrini kabla ya kuujibu. Wengi hubonyeza kitufe cha kukubali ili ujumbe uondoke mbele ya macho, na huku ujumbe wenyewe uliwauliza kama wako tayari kulifuta jalada zima. Asiyeelewa Kiingereza cha ujumbe huo auandike katika karatasi na amuulize ajuaye. Programu za ofisi kwa Kiswahili pia zimekwishawahi kutengenezwa: toleo liitwalo Jambo OpenOffice lilitolewa mwaka 2004 na wataalamu wa mradi uliokuwa ukifanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na siku hizi mifumo kadhaa ya kompyuta na ya simu humruhusu mwenyewe kuchagua Kiswahili katika mipangilio yake.

MALI BILA DAFTARI

Wazee walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Nyaraka za kompyuta nazo ni mali, na hupotea si kwa kufutwa tu bali pia kwa kutojulikana zilipo. Mwanafunzi aliyezipa kazi zake majina ya "kazi", "kazi mpya" na "kazi mpya ya mwisho" atapoteza saa nzima kuitafuta aliyoikusudia, na huenda akamkabidhi mwalimu isiyokuwa yenyewe.

Utaratibu unaofaa ni huu. Folda ichukuliwe kuwa ni mfano wa jalada la ofisini. Kila mtu wa nyumba awe na folda yake, na ndani yake kuwe na folda ndogo kwa kila shughuli: Skuli, Duka, Shamba, Afya, Picha. Jina la waraka lieleze kilichomo pamoja na tarehe, na tarehe ianzie na mwaka, ukifuatiwa na mwezi, kisha siku. Kwa mfano, waraka ukiitwa "2024-03-15 Barua ya mkataba wa shamba", kompyuta itaupanga wenyewe katika safu yake kwa mfuatano wa tarehe, na mtu atakayeutafuta baada ya miaka mitano atauona bila ya kuufungua.

Kitu kilichofutwa kutoka katika diski ya kompyuta kwa kawaida huenda kwanza katika pipa la taka, na kinaweza kurudishwa kabla ya pipa hilo kumwagwa. Lakini katika kompyuta zinazotumia Windows, kitu kinachofutwa kutoka katika flashi kwa kawaida hakipiti pipani. Huondoka moja kwa moja. Hivyo mtu awe mwangalifu mara mbili anapofuta kilichomo katika flashi.

NAKALA ZA AKIBA

Hapa ndipo penye uzito mkubwa kuliko pote. Diski hufa. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka kwa kasi, na huweza kuharibika kwa kuangushwa au kutikiswa zikiwa zinafanya kazi. Zile za kisasa zisizokuwa na kitu kinachozunguka nazo zina mwisho wake, na aghalabu hufa bila ya dalili. Kompyuta huibiwa, huungua, na huingia maji. Chombo kinaweza kununuliwa tena. Picha pekee ya marehemu bibi, taarifa za matibabu ya mgonjwa, hesabu za wadaiwa wa duka na utafiti wa mwanafunzi aliyebakisha mwezi mmoja kumaliza chuo, hivyo havinunuliki.

Wataalamu wameweka kanuni nyepesi ya kukumbukwa kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Kila waraka wenye thamani uwe na nakala tatu. Nakala hizo ziwekwe katika vyombo vya aina mbili tofauti. Na nakala moja iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida, kanuni hii hutekelezeka hivi: nakala ya kwanza imo katika kompyuta yenyewe, ya pili imo katika diski ya nje inayounganishwa kila mwisho wa wiki kisha ikachomolewa, na ya tatu huwekwa kwa ndugu anayekaa mtaa mwengine, au katika hifadhi ya mtandaoni kwa wale wenye intaneti ya kutosha.

Zipo tahadhari tatu zinazofaa kutajwa. Kwanza, diski ya akiba isiachwe imechomekwa wakati wote, kwa sababu kitakachoiharibu kompyuta, kiwe ni radi au kirusi, kitaiharibu nayo pia. Pili, flashi ndogo hufaa kubebea kazi kutoka mahali hadi mahali, lakini haifai kuwa hifadhi pekee ya kitu chenye thamani. Hupotea kwa urahisi, na ikikaa miaka mingi bila ya kutumika huweza kupoteza kilichomo. Tatu, nakala ijaribiwe. Angalau mara moja kwa miezi mitatu ifunguliwe, ionekane kuwa inasomeka.

Na hati za asili za karatasi, kama vile vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa na hati za ardhi, zisitupwe kwa sababu zimepigwa picha na kuingizwa katika kompyuta. Picha humsaidia mwenyewe pale hati inapopotea, lakini haichukui nafasi ya hati.

NENO LA SIRI NI UFUNGUO WA NYUMBA

Neno la siri lenye herufi ndogo nane za kialfabeti, kwa hesabu ya alfabeti ya herufi 26, lina uwezekano wa takriban bilioni 208. Idadi hiyo ni kubwa kwa mwanadamu, lakini kwa kompyuta ya mhalifu ni ndogo. Kila herufi moja inayoongezwa huzidisha uwezekano huo mara 26. Kwa hiyo urefu ndio nguvu ya neno la siri. Inafaa mtu achague maneno manne au matano yasiyohusiana, ayaunganishe, na awe anaweza kuyakumbuka. Asitumie jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu wala methali inayojulikana, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyojaribiwa mwanzo.

Neno la siri la barua pepe liwe peke yake, lisitumike kwengineko. Sababu ni kuwa aliyeishika barua pepe ya mtu anaweza kuomba maneno mapya ya siri ya akaunti zake nyengine yapelekwe hapo. Mtu anayekhofia kusahau anaweza kuyaandika maneno yake katika daftari linalofungiwa ndani pamoja na hati za nyumba. Hilo ni salama zaidi kuliko karatasi iliyobandikwa ukingoni mwa skrini. Na pale akaunti inapotoa nafasi ya uthibitisho wa hatua mbili, ambapo namba maalumu hutumwa kwa simu, nafasi hiyo itumike. Namba hizo asipewe mtu yeyote, awe anajitambulisha kuwa ni wa benki, wa kampuni ya simu au wa ofisi ya Serikali.

VIRUSI NA MATAPELI

Kirusi cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na mtu kwa makusudi ya kuharibu, kuiba au kulazimisha malipo. Hakizuki chenyewe kama kutu. Huingia kwa mlango aliofunguliwa. Mwezi wa Mei 2000 mamilioni ya kompyuta duniani ziliambukizwa kwa barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi. Kila aliyefungua kiambatisho chake kwa kutaka kujua nani anampenda, kompyuta yake iliipeleka barua hiyo kwa watu wote aliowahifadhi katika orodha yake.

Tukio la tarehe 12 Mei 2017 lina funzo kubwa zaidi. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga nyaraka za watu na kudai fedha ili kuzifungua. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Na huku dawa yake ilikwishatolewa: kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuuziba mwanya huo mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioathirika kwa wingi ni wale ambao hawakuyaweka marekebisho hayo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwa hiyo kompyuta inapoomba kusasishwa, ruhusa itolewe, na muda wa kufanya hivyo utengwe, kama vile usiku ambapo haina kazi nyengine.

Flashi iliyotoka katika duka la kuchapishia au kwa rafiki ikaguliwe na programu ya kinga ya virusi kabla ya kufunguliwa. Programu zisichukuliwe kwa watu wanaouza nakala zilizovunjwa kufuli, kwa kuwa aliyeivunja kufuli anaweza kuwa ameacha kitu chake ndani.

Ujumbe unaosema kuwa umeshinda zawadi, kwamba akaunti yako itafungwa leo, au kwamba jamaa yako amepata ajali na inahitajika fedha haraka, una alama moja iliyo wazi nayo ni haraka. Tapeli hataki mtu apate muda wa kuuliza. Dawa yake ni kumpigia jamaa huyo kwa namba yake inayojulikana, au kwenda ofisini kwenyewe. Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwa simu unaweza kupelekwa namba 15040 ili kuripotiwa. Vilevile wananchi wakumbuke kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hutumika Tanzania Bara na Zanzibar, na kwamba kuingia katika kompyuta ya mtu bila ya idhini yake ni kosa, hata kama aliyeingia ni jirani aliyefanya mzaha.

KUNUNUA NA KUUZA

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimekwishatumika ng'ambo. Si vibaya kuzinunua, ila mnunuzi aiwashe mbele ya muuzaji, aiendeshe kwa betri bila ya chaja, ajaribu kila kitufe cha kibodi, na aulize mfumo uliomo kama bado unapokea marekebisho ya usalama. Kwa mfano, Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuwekewa Windows 11. Kompyuta ya namna hiyo si lazima itupwe. Inaweza kuwekewa mfumo wa Linux, ambao aina zake nyingi hutolewa bure, pamoja na programu ya ofisi ya LibreOffice ambayo nayo haiuzwi.

Anayeuza au kugawa kompyuta yake afahamu kuwa kufuta majalada na kumwaga pipa hakuondoi kilichoandikwa katika diski. Huondoa anwani yake tu, na fundi mwenye nyenzo anaweza kukirudisha. Kabla ya kuuza, diski yote isafishwe kwa programu maalumu, au itolewe ibakie kwa mwenyewe.

KOMPYUTA NA WATU WA NYUMBANI

Pale kompyuta moja inapotumiwa na watu wengi, kila mmoja afunguliwe akaunti yake, na ya watoto isiwe na uwezo wa kuongeza programu. Kompyuta ya watoto ikae sebuleni, ambapo mzee anaona kinachotazamwa. Wafundishwe kutompa mtu wasiyemjua jina la skuli, picha wala mahali wanapoishi, na waambiwe kwa upole kuwa wakitishwa au kuaibishwa na mtu mtandaoni waje kusema, na hawatapigwa kwa kusema.

Macho nayo yana haki yake. Kila baada ya dakika 20, mtumiaji aangalie kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa muda wa sekunde 20. Skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, na miguu ifike chini.

Mambo yaliyoelezwa hapa ni mengi kwa siku moja, na haitakiwi yote yafanywe kwa pamoja. Mwenye kompyuta aanze na moja: achague waraka au picha ambazo kama zikipotea leo atahuzunika, na kabla ya kulala azitolee nakala na kuiweka nje ya kompyuta. Hilo likishafanyika, mengine yatafuata kwa wakati wake. Walimu na masheha wanaweza kuyasoma maelezo haya katika mikutano yao, na kila anayeelewa amsaidie asiyeelewa, hasa wazee na wale ambao hawakupata skuli.